Matanga ya Fundi Tobin

Saa kumi na mbili na dakika tano jioni, siku ya Alhamisi, mvua ya masika ikiwa bado haijaanza, fundi Tobin alitoka nje ya chombo, akafunga mlango wa chuma nyuma yake, akabaki peke yake na taa. Tulikuwa tukimtazama kutoka chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la Mzee Salim, mtaa wa Majengo, Nyeri. Picha ilikuwa na zile chengachenga nyeupe ambazo Mzee Salim aliziita theluji ya mlima, kwa sababu aliamini kabisa kwamba eriali yetu iliyofungwa kwenye mti mrefu wa mkaratusi ilizipata huko juu na kuziteremsha ndani ya sanduku lake. Katikati ya theluji hiyo mwanga mdogo uliendelea kupungua. Kisha hapakuwa na mwanga, majina ya waigizaji yakaanza kupita, na Mama Zainabu, mke wa Mzee Salim, akajifuta macho kwa ncha ya leso yake akasema, "Haya, nani hajanywa chai?"

Nimeikumbuka jioni hiyo kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Yusufu, mtoto wao, aliyekuwa mhariri wa jarida la Taa tangu toleo la kwanza hadi la mwisho. Baada ya mazishi nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, na mpwa wake mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akaniinamia sikioni. "Shangazi Muthoni, usinikasirikie. Watu wazima na akili zao waliandikaje karibu miaka thelathini juu ya sinema ya televisheni iliyoonyeshwa miaka miwili tu halafu ikakatwa?" Msibani si mahali pa hadithi ndefu, kwa hiyo nilimjibu tu kwamba tulikuwa tumeshalipwa. Alicheka, akidhani ni mzaha. Jibu lenyewe ni la mwaka mmoja, mwaka wa kwanza wa jarida, na nitajaribu kulitoa hapa kwa mpangilio.

Sinema yenyewe tuliiita Walinzi wa Taa. Ilikuwa ya kigeni, ya Kiingereza, na ilieleza habari za watu watano katika chombo kikuukuu, wakizunguka kati ya nyota kutengeneza taa zinazoongoza vyombo vingine visipotee. Vita havikuwa vingi. Walifika kwenye taa mbovu, wakaitengeneza, wakagombana juu ya zamu ya kuosha vyombo, wakaenda kwenye taa nyingine. Wengi walioitazama mara moja waliiona baridi. Sisi tuliipenda kwa sababu hiyo hiyo: ilikuwa kazi, na kazi tuliijua. Tobin ndiye alikuwa fundi wao, mtu mnene mwenye mikono mizito, na kila kipindi kilipokaribia kwisha alikaa kwenye kona yake na kumsimulia binti yake, aliyekuwa nyumbani, mambo aliyoyaona siku hiyo. Sauti yake ilirekodiwa na kutumwa. Tuliambiwa ingechukua muda mrefu sana kufika.

Mimi nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Shule niliiacha kidato cha pili, na mambo ya nyumbani kwetu Giakanja nitayaacha huko huko Giakanja. Ninachotaka kueleza ni kile chumba. Kilikuwa na meza pana ya kukatia nguo, nyeupe kwa vumbi la chaki, na magunia ya vipande vya vitambaa yaliyokuwa viti vyetu. Harufu yake ilikuwa ya pasi ya makaa na tangawizi. Nyuma ya pazia kulikuwa na jiko la Mama Zainabu, na kila Alhamisi alipika ndengu na chapati. Mimi nilileta nduma au viazi kutoka nyumbani, naye akavipokea kana kwamba nimeleta mbuzi. Chai yake ilikuwa ya rangi, kali, na kwa miezi ya kwanza niliinywa nikitamani maziwa bila kusema. Nyuma ya ukuta wa mbao wateja wa Mzee Salim walibishana juu ya upana wa suruali, na sisi tukabishana juu ya nyota, na mara nyingine mabishano hayo mawili yakaingiliana hata mteja akapaza sauti kutoka upande wa pili, "Muulizeni huyo kapteni anashonewa wapi!"

Kazi tuliigawana hivi. Mimi niliandika yaliyotokea, kila kitu, hadi namba iliyopakwa rangi kwenye mlango wa chombo, kwa kuwa kila walipomaliza taa moja waliibadilisha namba hiyo. Yusufu aliyageuza maelezo yangu yakawa hadithi, kwa Kiswahili kilichonifanya nione aibu kwa changu, akaipiga taipu kwenye stensili, karatasi ya nta ya kurudufia, kwa vidole viwili. Jumamosi kanisa moja la mjini lilitukodishia mashine yake ya kurudufu, kwa sharti kwamba tusichapishe siasa. Mzee Salim hakuchoka na jambo hilo. "Jarida la Majengo," aliwaambia wateja, "huzaliwa kanisani na kubatizwa kwa wino."

Wasomaji wetu wengi hawakuwa wameona hata dakika moja ya sinema hiyo. Hili ndilo mpwa wa Yusufu hakulijua. Televisheni mjini zilikuwa chache, na vijijini umeme haukuwapo. Karibu nusu ya nakala zetu zilipelekwa kijijini Endarasha, na huko, kwa barua walizotuandikia, tulijua kwamba karani wa maziwa aitwaye Karanja huwasomea watu jarida asubuhi wakisubiri lori la maziwa. Alisoma sentensi ya Kiswahili, akaitafsiri kwa Kikuyu, akaongeza chumvi yake kidogo, akaendelea. Kwao Tobin alikuwa mtu wa sauti ya Karanja.

Mwezi aliokufa Tobin, Mzee Salim alikuwa amesema neno lake. Karatasi, stensili na wino vilikuwa vikinunuliwa kwa pesa ya duka, na alikuwa amechoka. "Mimi sina ugomvi na nyota, Yusufu. Nina ugomvi na bei ya karatasi. Mwisho wa mwezi, ama jarida lijilipie lenyewe, ama chumba hiki kiingie cherehani ya pili." Yusufu alimjibu, "Ndiyo, baba," kisha usiku wote, aliniambia baadaye, alihesabu mbao za dari. Mimi pia niliogopa, ingawa sikuwa na haki ya chumba kile. Sikuwa na mahali pengine popote ambapo mtu angeniuliza, "Muthoni, wewe uliona nini?" na kungoja jibu.

Tobin alipokufa jioni ile, nje ya mlango wa chuma, Yusufu aliandika toleo zuri kuliko yote. Aliliandika kama yale matangazo ya vifo ya redioni ambayo kila nyumba ya milimani hunyamaza kuyasikiliza: kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha fundi Tobin, kilichotokea akiwa kazini; ameacha binti mmoja; habari ziwafikie jamaa na marafiki popote walipo. Ukurasa wa mbele tuliuzungushia mstari mweusi. Jumamosi likatoka, Jumatatu likaenda Endarasha pamoja na magunia matupu ya viazi.

Alhamisi iliyofuata tukawasha televisheni, na Tobin huyu hapa, amekaa mezani anakula, anamcheka kapteni.

Yusufu alisimama. Nadhani alitaka kutoka nje. Mimi nilitazama mlango wa chombo, kisha nikafungua maandishi yangu. Siku ya kifo mlangoni palikuwa na namba arobaini na moja. Siku hii palikuwa na ishirini na sita. Nilirudi nyuma wiki kwa wiki na kuona kwamba namba hizo, ambazo zilikuwa hesabu ya taa zilizokwisha kutengenezwa, ziliruka mbele na nyuma tangu mwanzo, nasi tulikuwa tumezipita kama watu wanaopita kibao cha njia panda. "Hajafufuka," nilimwambia Yusufu. "Tunaonyeshwa ovyo. Filamu zinapitishwa nchi kwa nchi, na hapa zinafika bila mpango. Hii ya leo ilitangulia." Alikaa tena polepole. "Basi tutaeleza toleo lijalo," akasema. "Bora hakuna aliyesikitika sana."

Alhamisi ya pili mvua ilianza, na saa kumi na moja ujumbe wa Endarasha ukaingia dukani ukidondoka maji. Walikuwa watatu: Karanja mwenyewe, kijana mwembamba mwenye tai; Cucu Nyaguthii, bibi mzee, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, mwenye kiondo kifuani; na Gitonga, dereva wa lori la viazi lililowaleta, ambalo lisingeanza safari ya kurudi kabla ya saa moja usiku. Mzee Salim alikuwa amekwenda kununua uzi. Mama Zainabu aliwakaribisha, akawaketisha kwenye magunia yetu. Karanja alikataa kukaa. Alivua kofia.

"Sisi watu wa maziwa tumesikia hiyo habari mbaya," alisema, "na tukaona hatuwezi nyamaza. Tobini ametutembelea miezi mitano. Sasa ameacha msichana. Tumechanga kidogo. Si pesa mingi, ni ya pole."

Cucu Nyaguthii alifungua leso iliyokuwa na mafundo matatu, akaiweka mezani kati ya chaki na mkasi. Sarafu zilikuwa nyingi, noti chache.

"Mimi niliwaambia huyo ni mtu wa sinema," Gitonga akasema, akipangusa mvua usoni. "Ati wakaniambia nyamaza, endesha lori."

"Wewe ulitoa shilingi mbili, Gitonga," Cucu akamjibu. "Mtu wa sinema gani huyo unalipia matanga?"

"Nilitoa juu ya hiyo macho yako, Cucu. Ulikuwa unaniangalia kama deni ya mbolea."

Yusufu alishukuru kwa maneno ambayo siyakumbuki, kisha akanivuta nyuma ya pazia, jikoni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Pale mezani palikuwa na pesa za kutosha kununua karatasi, labda hata stensili. Na baada ya chini ya saa moja sanduku lile lingewashwa na marehemu angetokea akitembea. "Nitang'oa fyuzi," alininong'oneza. "Nitasema imeharibika."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo watakuwa Endarasha."

"Na toleo lijalo utaandika nini? Kwamba yuko hai? Karanja amesomea watu kifo chake kwa mdomo wake. Watamwita mwongo, na hawatasoma tena."

Mama Zainabu alikuwa anasukuma chapati na hakugeuka. "Yusufu, hawa watu wamekuja kukuhani wakiwa wamelowa. Ukitaka kuwadanganya, ngoja wamalize chai yangu kwanza. Chai yangu haijawahi kufanya kazi hiyo."

Hapo tukasikia mazungumzo ya upande wa pili wa pazia. Gitonga alikuwa anamwambia Cucu, kwa ule upole wa mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba hakuna msichana yeyote.

"Najua hakuna," Cucu alijibu. "Nani alikuambia sijui? Mimi si mtoto. Lakini Karanja alisoma hiyo kitu mpaka sauti ikakatika, na aliyeandika aliandika akilia, hata mimi nilisikia. Mtu akilia mbele yako, wewe unamwuliza kama maiti iko na kipande cha serikali?"

Nimekaa na sentensi hiyo maisha yangu yote. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, peke yangu, jioni baada ya kazi, vikiwemo vichache vinavyoeleza kwa nini binadamu humlilia mtu asiyekuwapo, na hakuna kilichonifikisha mbali kuliko hapo. Siku ile, hata hivyo, sikuwa na nafasi ya kufikiri. Niliona tu mabega ya Yusufu yakishuka. Alikuwa amedhani wametuletea pole kwa kudanganyika, kumbe walituletea pole kwa kuwa sisi ndio wafiwa, na hilo lilikuwa zito zaidi kulirudisha. "Nitawaambia," akasema, na akalisogeza pazia.

Hakuwahi. Mzee Salim alikuwa amerudi. Alikuwa amewasalimu wageni, amesikia neno pole, akafikiri labda kuna jirani aliyefariki, akawajibu inavyopasa. Kisha, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi, na kwa kuwa mwenye nyumba huyu aliyedai kwamba hutazama tu ili kuhakikisha eriali ni nzima hakuwa amekosa kipindi hata kimoja, alinyosha mkono akaliwasha sanduku. Theluji ikajaa kiooni. Ndani ya theluji alitokea Tobin, mikono ya shati imekunjwa, anasugua sufuria.

"Ni nani huyo?" Cucu aliuliza.

Mama Zainabu ndiye aliyesema, "Ndiye."

"Aii!" Gitonga akaruka kutoka kwenye gunia. "Maiti inaosha sufuria!"

Alianza kucheka, akaona uso wa Karanja, akaacha. Karanja alikuwa amemgeukia Yusufu. "Bwana Yusufu," alisema polepole, "mimi nimesimama mbele ya watu wazima nikasema huyu mtu amekufa. Wazee walitoa kofia. Sasa nitarudi niwaambie nini?"

Nikamjibu mimi badala ya Yusufu, mimi ambaye mpaka siku hiyo sikuwa nimezungumza mbele ya wageni katika chumba kile zaidi ya kusema karibuni. Niliwaonyesha mlango wa chombo, uliokuwa ukionekana nyuma ya Tobin, na namba yake: kumi na tisa. Niliwaambia siku ya kifo ilikuwa arobaini na moja. Niliwaeleza habari za filamu zinazofika bila mpango, kama lori linalopakua kwanza magunia yaliyopakiwa mwisho. Gitonga aliitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa kuliko wote. Karanja alitafsiri, na safari hii hakuongeza chumvi.

Cucu Nyaguthii alimtazama Tobin. "Kwa hivyo haya yalikuwa mbele, kabla afe."

"Ndiyo, Cucu."

"Na yeye hajui."

"Hajui nini, Cucu?"

"Kwamba itafika hiyo siku ya mlango."

Baada ya hapo hakuna aliyebishana. Nimetazama kipindi kile mara nyingi akilini, na ninajua kwamba hakina chochote: taa inapona, daktari wa chombo anakasirika, wanakula. Lakini chumba kizima kilimtazama mtu yule mnene jinsi unavyomtazama ndugu anayefunga mzigo wa safari, nawe umeambiwa jambo ambalo hakuambiwa. Aliposukuma sahani bila kumaliza, Cucu alimwambia kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, ale. Alipokaa kwenye kona yake kumsimulia binti yake kwamba akirudi wataenda kuvua samaki, Mama Zainabu alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama hapo hapo. Mzee Salim alikohoa na kusema eriali inahitaji kurekebishwa. Hakwenda kuirekebisha.

Kilipokwisha, Yusufu alichukua leso, akaifunga, akamrudishia Cucu kwa mikono miwili. "Hatuwezi kuichukua. Huyu bado yuko hai, na kosa ni letu, tulitangaza kabla ya wakati."

"Pesa ya matanga hairudi nyumbani," Cucu alisema, na hakuipokea. "Ikirudi itatafuta mwingine wa kuzikwa."

"Basi wanunue viazi," Gitonga akapendekeza. "Niko na gunia mbili."

"Wewe nyamaza, uendeshe lori." Alifikiri, akivuta kamba ya kiondo chake. "Kama hajafika hiyo siku, basi iko maisha katikati. Tuleteeni hayo maisha. Moja kwanza, ya pili ifuate, mpaka mlango. Hii ni pesa ya karatasi. Karanja atasomea watu kwamba tulisikia kifo mapema, na sasa tunarudi kumtembelea." Kisha akaninyoshea kidole. "Na wewe, msichana wa namba. Usichanganye."

Sikuchanganya. Kutoka siku hiyo nilipewa kurasa zangu mwenyewe, na kazi ya kupanga kila kipindi mahali pake. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha kusoma ramani za nyota, kuandika kwa maktaba za mbali, kutenganisha ninachokijua na ninachokidhania. Televisheni ilipoikata sinema hiyo, namba za mlango zilikuwa na mapengo mengi, na mapengo hayo ndiyo tuliyoishi nayo miaka yote iliyofuata: wasomaji wakiuliza, wakibishana, wakileta habari kutoka kwa jamaa waliosafiri na kuona kipindi ambacho sisi hatukukiona. Yusufu alisema mara moja kwamba watu wengine huandika jarida ili kujua mwisho, na sisi tuliandika kwa sababu tuliujua. Hatukuandika kamwe toleo la pili la kifo. Tuliahidi kufika mlangoni kwa mpangilio, na kila tulipokaribia, mtu alituletea kipindi kingine kilichotangulia.

Siku ile, hata hivyo, lori lilikuwa linasubiri, na pesa za kikundi haziachwi bila kuhesabiwa mbele ya wote. Mzee Salim ndiye aliyehesabu, kwa kuwa meza ilikuwa yake. Alipanga sarafu kwa safu juu ya alama za chaki za koti la mtu, midomo ikienda. "Themanini na sita na senti arobaini," alisema. Aliwatazama wageni, wakakubali. Aliangalia televisheni, ambayo sasa ilikuwa inatoa habari za bei ya kahawa, na kumtazama mwanawe, na hakusema lolote juu ya cherehani ya pili. Alivuta droo ya duka, akatoa sarafu zake mwenyewe, akaziongeza moja moja mwishoni mwa safu. Zikawa shilingi tisini.